Mapaja Yanauma, Ndege Ina Nafasi

Simu ilikuja Ijumaa baada ya Magharibi. Ulikuwa mwezi wa Februari, kaskazi inavuma, na mimi na mdogo wangu tulikuwa tumepangiwa kuruka na parachuti Diani wiki iliyofuata. Aliyepiga akasema kuna wageni wamejitoa, ndege ina nafasi kesho asubuhi, na utabiri wa siku za mbele unaonyesha upepo mkali. Je, tutakuja? Nikamwomba anipe saa moja.

Niliitaka saa hiyo kwa sababu Alhamisi tulikuwa jimu, kila mmoja na sehemu yake. Mimi nilifanya miguu: skwoti nikiwa na chuma mabegani, kisha zile hatua ndefu za kushusha goti hadi karibu na sakafu. Yeye alifanya mabega na mgongo, akajivuta kwenye bomba hadi mikono ikakataa. Ijumaa nzima nilishuka ngazi za nyumba yetu ya Likoni upande upande, mkono ukutani. Yeye ilibidi Mama amsaidie kuvua fulana.

Kazi yangu ni tiba ya viungo. Kutwa nashika magoti ya wazee na mabega ya wavuvi, kwa hivyo maumivu ya aina hii nayajua tabia. Hayaji papo hapo. Mtu anamaliza zoezi akiwa mzima, analala salama, anaamka amekakamaa. Kilele chake huwa kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, ndiyo maana siku ya pili mara nyingi huwa mbaya kuliko ya kwanza. Wengi jimu husema ni asidi iliyobaki kwenye misuli, lakini asidi hiyo huondoka mapema tu mtu akishapumzika. Kinachouma kesho yake ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, pamoja na uvimbe unaokuja kuzitengeneza. Kazi inayozichana zaidi ni ile ya msuli kurefuka huku umebeba uzito, kama paja linavyofanya unapochuchumaa au unaposhuka ngazi. Kupanda nilipanda vizuri.

Hayo peke yake hayamzuii mtu kuruka. Linalonishughulisha ni jingine: msuli uliochanika hivyo hupungukiwa nguvu kwa siku kadhaa, haufiki mwisho wa mwendo wake, na hata ile hisia ya kujua kiungo kiko wapi bila kukitazama hufifia. Maumivu unaweza kuyavumilia. Nguvu ambayo haipo huwezi kuivumilia ikawepo. Kwa hivyo nilimuuliza mdogo wangu, tukiwa sebuleni: kesho mwili wako utadaiwa nini, na wakati gani?

Maana tulikuwa tunakwenda kufanya mambo mawili tofauti kabisa.

Mimi ningeruka nimefungwa kifuani mwa mwalimu. Parachuti iko mgongoni kwake, yeye ndiye anayeifungua, na yeye ndiye anayeiongoza. Abiria hudaiwa machache. Wakati wa kutoka mlangoni apinde mgongo kwa nyuma, kichwa kiegemee bega la mwalimu, miguu irudi nyuma katikati ya miguu yake. Akiwa hewani asimshike mwalimu mikono. Na wakati wa kutua anyanyue miguu yote miwili mbele na aishikilie hapo hadi makalio yaguse mchanga. Hili la mwisho ndilo zito. Ikilegea, visigino vinachimba chini huku watu wawili waliofungwa pamoja bado wanasonga mbele, na kinacholipa ni kifundo cha mguu au goti.

Basi nikakaa sakafuni, mgongo ukutani, nikanyanyua miguu yote miwili. Iliuma vibaya na ikatetemeka, lakini ilipanda, ikakaa, na nilipopumzika ikapanda tena. Kisha nikajaribu nikiwa nimeshika suruali chini ya magoti na kuvuta kwa mikono, maana ndivyo walimu wenyewe huwafundisha abiria, na hapo ikawa nyepesi zaidi. Nikajibonyeza mapaja polepole kutoka juu hadi chini. Maumivu yalitanda sawasawa kulia na kushoto, katikati ya nyama. Hayakuwa ndani ya goti, hapakuwa na mahali pamoja panapochoma, wala uvimbe, wala vilio vya damu. Ningekuta maumivu makali ya upande mmoja tu, au goti linaloniachia, ningepiga simu pale pale kusema hapana.

Na mkojo nilikuwa nimeuangalia tangu asubuhi. Nalitaja hili kwa sababu nimewahi kuwaona vijana walioletwa wamechelewa. Zoezi zito likivunja misuli kupita kiasi, mkojo hugeuka rangi ya chai ya mkandaa, misuli inavimba na kuwa migumu, na figo zinaingia hatarini. Mtu wa namna hiyo hana habari na ndege. Anakwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mdogo wangu kesi yake ilikuwa nyingine. Yeye ni mwanafunzi wa kuruka peke yake. Katika hatua aliyofikia, mwalimu anaruka kando yake, lakini parachuti iko mgongoni kwake mwenyewe, na mkono wa kuifungua ni wake. Nikamwambia alale kifudifudi kwenye mkeka, apinde mgongo kama yuko hewani, kisha afanye kama anafungua. Kishikio kiko chini ya mkoba, karibu na kalio la kulia. Mkono wa kulia unakwenda huko nyuma bila kutazama, na wakati ule ule wa kushoto unaletwa mbele juu ya kichwa ili mwili usiyumbe. Wa kulia ulifika, ila kwa kuzungusha kiwiliwili kizima. Wa kushoto uliishia usawa wa sikio na hapo ukagoma. Mwili unaoanguka kwa karibu kilomita 200 kwa saa hugeuzwa na chochote kilichopinda upande mmoja, na mwanafunzi anayezunguka wakati wa kufungua anaongeza uwezekano wa kamba kujisokota.

Nikafunga mipira ya mazoezi, ile ninayowapa wagonjwa wangu, kwenye nondo za dirisha juu ya kichwa chake. Parachuti ikishafunguka, mwanafunzi huiongoza kwa vishikio viwili vilivyo juu, mikono imeinuliwa kwa dakika kadhaa, na miguu ikikaribia ardhi, kama futi 10 hivi, anavivuta vyote viwili pamoja hadi usawa wa nyonga ili avunje mwendo. Parachuti za wanafunzi ni kubwa makusudi na husamehe mengi. Lakini mkono mmoja ukitangulia mwingine pale chini, parachuti inageuka, na mtu anatua kwa ubavu. Mdogo wangu alivuta. Wa kulia ulifika nyongani. Wa kushoto ulikwama kifuani, uso umemkunjamana.

Sikutaka hata kumjaribu kwa vishikio vya dharura, lakini nilimkumbusha. Parachuti kubwa ikifunguka vibaya, kishikio chekundu cha kulia huitupa, na cha kushoto hufungua ya akiba. Vyote viko kifuani, na vinataka kuvutwa kwa nguvu hadi mwisho. Kipo pia kifaa kinachofungua ya akiba chenyewe iwapo mtu bado anaanguka kwa kasi akiwa chini sana. Hakuna mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kukitegemea hicho.

"Dada," akaniambia, "nikishapanda ndege damu itachemka. Sitahisi kitu."

"Ndilo linaloniogopesha. Hutahisi, na mkono bado hautafika."

Akasema basi atameza brufeni asubuhi. Nikamweleza ninavyowaeleza wagonjwa: dawa ya maumivu inanyamazisha kengele, msuli unabaki ulivyo. Zile za kulegeza misuli ni mbaya zaidi kwa siku kama hiyo, kwa sababu husinzisha. Alinyamaza muda mrefu. Alikuwa ameweka akiba ya mshahara kwa ajili ya mafunzo haya, anajua jina la kila kamba, na mimi namwambia akae chini kwa sababu ya mabega yatakayopona yenyewe kabla ya wiki kwisha. Iliniuma kumwambia. Mama alikuwa anapasha mafuta ya nazi yenye karafuu ili amkande, akauliza swali moja: "Kwani ndege hiyo hairudi tena?"

Mdogo wangu alimpigia mwalimu wake mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, na hilo nalihesabu kuwa jambo kubwa. Mwalimu hakubisha wala hakumlaumu. Alimwambia asije mpaka mikono yote miwili ifike.

Jumamosi tuliondoka nyumbani alfajiri, sote wawili, yeye amebeba kamera. Kabla ya kuvaa mikanda nilimweleza mwalimu wangu kila kitu: zoezi nililofanya, siku niliyolifanya, wapi panauma, na kwamba miguu inapanda ila inachoka. Naomba mtu yeyote anayesoma hapa afanye hivyo, hata kama anaogopa kurudishwa nyumbani. Mtu atakayetua akiwa amefungwa nawe ana haki ya kujua miguu yako ikoje. Alinining'iniza kwenye mikanda pale chini, akanifanya ninyanyue, akatazama. Akasema tutafanya mazoezi tena hewani, na nikishindwa nimwambie mapema ili atafute namna nyingine ya kutua.

Jambo ambalo sikulitarajia ni ndege yenyewe. Ni ndogo, mnakaa sakafuni magoti yamekunjwa, na kupanda hadi futi 10,000 kunachukua muda. Hapo ndipo mapaja yaliponiuma kuliko kote, kwa kukaa mkao mmoja. Nilikuwa nikinyoosha mguu mmoja kila nafasi ilipopatikana, nikizungusha vifundo, nikikaza paja na kulegeza. Mwenye maumivu ya miguu na ajipashe moto kwa kutembea kabla ya kuingia, kisha aendelee kuchezesha misuli humo ndani. Baridi ya huko juu nayo hukakamaza, kwa hivyo suruali ndefu ni bora kuliko kaptula.

Kuanguka hakukuuma hata kidogo. Ni nusu dakika hivi, hewa inakubeba, na misuli ya miguu haina kazi kubwa. Niliona Milima ya Shimba upande mmoja na mstari mweupe wa mwamba upande wa pili, na kisiwa cha Chale kule kusini. Parachuti ilipofunguka mikanda ilibana mapajani, juu kabisa karibu na kinena, mahali pale pale palipokuwa pakiuma. Nilipiga kelele. Kisha mwendo ukapungua, mwalimu akasogeza mikanda kidogo, maumivu yakatulia. Tukafanya mazoezi: inua, shika, shusha. Mara ya kwanza ilitetemeka sana. Mara ya pili nilishika suruali chini ya magoti na ikakaa. Ilipokuja ya kweli, mchanga ukitujia, nilivuta kwa mikono na kwa miguu pamoja, na tukateleza kwa makalio taratibu hadi tukasimama. Nililia kwa furaha, na mdogo wangu akanikumbatia kwa mkono mmoja, ule uliokuwa na nafuu.

Upepo ulivuma kweli wiki ile, kama utabiri ulivyosema. Alingoja hadi ukatulia, na kila jioni alikuwa akilala kwenye mkeka na kujaribu mkono wa kushoto. Siku aliyoruka ulifika mbele ya kichwa bila shida, nami nilikuwa pwani nikimtazama akivuta vishikio vyote viwili hadi nyongani.

Tangu niliposimulia haya kazini, watu wawili wameniuliza kuhusu mgongo, kwa hivyo nijibu hapa. Nyama za mgongo kuuma sawasawa pande zote mbili baada ya zoezi ni habari hii hii, na dawa yake ni kungoja siku chache. Lakini maumivu ya mgongo yanayoteremka kwenye kalio hadi mguuni, au yanayoambatana na ganzi au mguu kukosa nguvu, si ya zoezi. Kutua kwa makalio kunasukuma uti wa mgongo wote kutoka chini. Mwenye dalili hizo aonane na daktari kwanza, na wanaorusha watu awaambie hivyo hivyo kabla hajalipa.