Thina Chafu Bado ni Thina

Kwa miaka mingi, katika karakana yangu ya kupiga rangi malori hapa Changamwe, Mombasa, thina, kimiminika cha kuzimulia rangi, iliyokwisha kuoshea bunduki za kupulizia rangi ilimwagwa mferejini nyuma ya ukuta, na aliyeruhusu nilikuwa mimi. Masika yalipofika, maji ya mfereji ule yaliteremka hadi kwenye mikoko, wanakovua kaa jirani zetu.

Kilichonigutusha ni mtungi mmoja uliosahaulika kivulini wiki nzima. Tulipoufungua, rangi ilikuwa imetuama chini, nzito kama uji uliolala, na juu yake imesimama thina ya manjano hafifu. Fundi wangu akaichota polepole, akaoshea bunduki, ikatakata. Thina haikuwa imeharibika. Ilikuwa imebeba rangi tu. Kumbe tulikuwa tukitupa jongoo na mti wake, kisha kesho yake twaenda dukani kununua mti mwingine.

Siku hizi thina iliyotuama ndiyo ya kuoshea mara ya kwanza, na safi ni ya kusuuzia tu. Ikichafuka mno tunaikeneka kwa mashine ndogo: hupashwa moto ikawa mvuke, mvuke ukapozwa ukarudi kuwa thina, kama matone yanavyojikusanya chini ya kifuniko cha sufuria ya wali. Vimiminika vilivyomo ndani ya thina, kama asetoni, huchemka kwenye nyuzi 56 za Selsiasi, na tolueni kwenye 111, ilhali rangi hubaki chini. Kwa kila lita 20 chafu tunapata takriban 15, na ununuzi wetu umepungua kwa zaidi ya nusu.

Hapa naomba nisikilizwe vizuri: asijaribu mtu kuchemsha thina kwa sufuria na jiko la mkaa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ukakuta cheche. Mashine iwe ya kazi hiyo hasa, yenye kidhibiti joto, mahali penye upepo, na izimwe kabla mabaki hayajakauka, kwa maana mabaki ya rangi za nitroselulosi yakikauka motoni yanaweza kuwaka yenyewe.

Tope linalobaki ni taka hatari, nasi humkabidhi msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Malipo yake nayahesabu ndani ya bei ya kazi, kama ninavyohesabu msasa na utepe.