Lile faili la crypt32.dll

Leo nimejikuta narudi tena kwenye ile ishu ya CurveBall, tundu la usalama la Windows lililosajiliwa kwa namba CVE-2020-0601, na bado inaniacha mdomo wazi. Kuna faili linaitwa crypt32.dll, wengi hawajawahi hata kulisikia, ila Windows ikitaka kujua kama cheti cha tovuti au saini ya programu ni ya kweli, swali linapita hapo. Afu hapohapo ndo palikuwa na tundu.

Yaani hesabu yenyewe haikuvunjwa, hilo ndo linalonikera. Kwenye funguo za ECC, yaani usimbaji unaotumia hesabu za nukta kwenye mchirizi, kuna nukta ya kuanzia, wanaiita G, unaizidisha kwa namba yako ya siri unapata ufunguo wa wazi ambao kila mtu anauona, na kurudi kinyume kuitafuta ile namba ya siri utazeeka hujaipata. Sasa Windows 10 ikiletewa cheti ilikuwa inaangalia ufunguo wa wazi kama unafanana na wa mamlaka ya kutoa vyeti inayoiamini, ukifanana basi, pita. Habari za G haikuuliza. Kwa hiyo mjanja anakuja na G ya kwake, akitaka anauchukua ule ufunguo wa wazi wenyewe anaufanya ndo G, na namba yake ya siri inakuwa 1. Moja bana! Chochote mara moja ni kilekile, na tayari anasaini vyeti kama vile ametumwa na wakubwa.

Viraka vilitoka tarehe 14 Januari 2020, siku ileile Windows 7 ilipoachwa rasmi, na kichekesho ni kwamba tundu hili Windows 7 haikuwa nalo. Microsoft wakaipa daraja la "muhimu" tu, huku NSA, shirika la ujasusi la Marekani, waliowapelekea taarifa, wakihimiza watu waapdeti haraka. Ndio, NSA walewale waliokaa kimya na EternalBlue, silaha yao ya kudukua Windows, mpaka ikaibiwa, ikazaa WannaCry, kirusi cha kudai fidia cha 2017. Safari hii wamesema. Mi nadhani kughushi utambulisho kunawatisha hata wao, serikali yao si inatumia Windows hizohizo.

Nilichokipenda kwenye kile kiraka, hakikuziba tu, mtu akijaribu cheti cha namna ile Windows inaandika kwenye logi, na namba ya CVE kabisa. Kwenye mashine ninazosimamia huwa nautafuta huo mstari, sijauona, na hata sijui nifurahi au vipi, maana mashine ambayo haijaapdetiwa haiandiki chochote.