Nilivyoijenga ndege ya L-39 ya rimoti yenye injini ya jeti hapa Nungwi, Unguja

Kila anaeiona anauliza injini kwanza, ni jeti ya kweli au ni feni ya umeme tu, basi nijibu mara moja, ni ya kweli, inakula mafuta ya taa, mbele ina kompresa ya kukandamiza hewa, katikati chemba ya moto, nyuma gurudumu la tabaini lenye mapanga yanayozungushwa na hewa ya moto, na ikishindiliwa mafuta shafti inazunguka karibu mara 150,000 kwa dakika. Ina msukumo wa kilo 10 hivi. Lakini injini niliinunua, imetumika kidogo, binamu yangu alininunulia huko Dubai akanifikishia mkononi. Kilichonikalisha usiku ni ngozi ya ndege, ile mistari na ribiti, yani vile vichwa vya misumari inayounga mabati, zinazomfanya mtu akisimama hatua mbili aseme hii ni bati. Kati ya miaka miwili na nusu ya kazi yote, miezi kumi na moja iliishia kwenye ngozi, na ndio ninayotaka kuieleza zaidi.

Mimi kazi yangu ni boti za faibaglasi, natengeneza na kuziba za wavuvi na za wapiga mbizi, na ami yangu ni fundi wa majahazi, kwa hivo nimekulia kwenye vumbi la mbao. Ndege za rimoti nlianza na zile nyepesi za foam, nikarusha za umeme miaka sita kabla sijagusa jeti, na vijana wanaokuja kunitazama nawaambia wasiiruke hatua hiyo.

Nilichagua L-39 Albatros, ndege ya mafunzo ya Chekoslovakia, iliruka mara ya mwanzo tarehe 4 Novemba 1968 na hata Ethiopia na Uganda wamewahi kuwa nazo. Bawa lake limenyooka, haligombani na rubani ikienda taratibu. Halafu midomo yake ya kuvutia hewa imekaa juu ya bawa, wenyewe waliiweka kule isije ikavuta vijiwe kwenye viwanja vibovu, na mimi ninaerushia kwenye nyasi zenye mchanga chini yake nikaona huyu ndie wangu. Ya kweli bawa ncha kwa ncha mita 9.46, urefu mita 12.13, mimi nikaigawa kwa tano, ikaja bawa sentimita 189 na urefu sentimita 243, yani ukiiweka kwenye meza ya kulia chakula pua na mkia vyote viko nje.

Kiwiliwili nilikijenga kijahazi. Mkuku wa mbao katikati, mataruma yani mbavu za plaiwudi, foam baina yake, nikachonga mpaka umbo likatoka, nikalifunika epoksi na pati, halafu nikalitolea kalibu ya vipande viwili, ngozi yenyewe ikatandikwa ndani ya kalibu kwa kitambaa chembamba cha glasi. Hapa niseme kwa mafundi wenzangu wa boti, ile rezini yetu ya kila siku ya poliesta usiimwage juu ya foam nyeupe, inaila mbele ya macho yako, lazima epoksi.

Kabla sijatoa kalibu ami alikuja baada ya laasiri, akageuza ndoo akaikalia nyuma kabisa ya lile umbo, akafumba jicho moja.

"Mwanangu, chombo chako kinalala kushoto."

"Ami, nimepima, tofauti haifiki hata milimita moja."

"Umepimia omo. Njoo huku tezi ufunge uzi."

Nikafunga uzi kutoka mkiani mpaka puani, wallahi milimita 4, na kosa lilianzia kwenye taruma la tatu kutoka nyuma ambalo nililigundisha siku nina haraka. Ningetoa kalibu vile kila ndege ningeyoizaa humo ingetoka na mgongo wa kombo. Ikanichukua wiki tatu kurekebisha na sijutii hata siku moja.

Sasa unyevu. Sisi tunakaa pembeni ya bahari na hewa yetu ina maji na chumvi, epoksi ikikauka masika inaacha juu utando kama nta, huuoni, ukiugusa unateleza kidogo, na ukipiga rangi juu yake rangi inakuja kubanduka vipande vipande. Mkia wangu wa mwanzo ulifanya hivo. Dawa yake ni maji na sabuni na kitambaa kikavu kabla ya msasa, sio baada, mana ukianza na msasa unausugua ule utando unauingiza ndani. Baada ya hapo kazi zote za epoksi nikazihamishia miezi ya kusi, Juni mpaka Septemba, hewa imepoa na imekauka kidogo, na masika nikawa nafanya nyaya na vitu vya ndani tu. Balsa, ile mbao nyepesi, pia nikawa naiweka ndani ya pipa la plastiki lenye vile vipakti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, nawaomba wauza viatu Darajani wananipa bure. Injini nayo inalala kwenye boksi lake na vipakti hivohivo, beringi zake ni ndogo mno na chumvi haina huruma.

Haya, ngozi. Ndege ya kweli imeungwa kwa mabati, kila bati lina ukingo na kila ukingo una safu ya ribiti, na jicho la mtu hata asiejua ndege linazitafuta zile alama. Nilikusanya picha nyingi za L-39 za kila upande, nikazipima kwa rula nikigawa, mana ukijua urefu wa kweli wa gurudumu unaweza kupata kila kitu kilichoko karibu yake. Mistari ya mabati nilifanya hivi. Unapiga praima nyepesi, unabandika tepu nyembamba sana kama nusu milimita pale unapotaka mstari, unapiga praima nzito mara mbili tatu juu ya kila kitu, ikikauka unasugua kwa msasa wa maji mpaka tepu inaanza kuonekana, halafu unaivuta taratibuu kwa pembe kali, na pale ilipokuwa kunabaki mfereji safi wenye kingo. Ukiivuta praima bado mbichi inafuata na tepu, ukichelewa siku mbili tatu inakatika vipande vipande na utakaa na sindano kuitoa, kwangu masaa kama matano sita ndio ilikuwa sawasawa.

Ribiti ndio zilinifundisha subira. Kichwa cha ribiti cha kama milimita 5 kwenye ndege kubwa ukikigawa kwa tano kinabaki milimita 1, kwa hivo nilitafuta mrija wa shaba wa milimita 1, nikaunoa mdomo wake kwa ndani, nikaufunga kwenye ncha ya ile pasi ya kulehemu ya fundi redio, nikaiwasha moto mdogo kabisa. Unagusa praima, unahesabu moja, unainua, kinabaki kijiduara. Ukibonyeza kwa nguvu kinakuwa shimo, ukigusa kidogo kinapotea chini ya rangi. Kwa kufuata safu nilitoboa kipande cha plastiki laini cha chupa matundu ya kila milimita 5, nakibandika kando ya mstari nafuata tundu kwa tundu. Bawa moja upande wa juu nilihesabu hadi 2,400 nikaacha kuhesabu. Mke wangu alikuwa ananiletea chai ya tangawizi saa nne usiku ananikuta palepale aliponiacha baada ya isha, akanambia "Baba Salma, ulikuwa kwenye bawa hili jana", nikamwambia ndio na kesho pia.

Jambo moja nililigundua katikati, ribiti zote zikiwa sawasawa ndege inaonekana kama mchezo wa watoto. Kwenye bati halisi kuna vifuniko vinavyofunguliwa kila siku na mafundi, pale skrubu zake zinakwaruzwa, rangi inatoka, na kuna mabati ambayo hayaguswi mwaka mzima. Kwa hivo vifuniko vya kujazia mafuta na vya betri nikavitia alama nzito, na mgongo nikauacha mpole.

Rangi nilifuata zile za jeshi la Chekoslovakia, kijani na kahawia juu, buluu iliyofifia chini. Usinunue rangi kwa namba ileile ya ndege ya kweli ukaipiga hivohivo, kitu kidogo kinataka rangi iliyopauka zaidi, mana ndege kubwa unaiona kutoka mbali na hewa ya katikati inaipausha, mimi kila kopo nilitia nyeupe kiasi kwa jicho. Rangi yenyewe ni ya magari, na juu yake klia isiyong'aa, yani vanishi isiyo na rangi, yenye hadina ya kuigandisha, kwa sababu mafuta ya taa yanayomwagika wakati wa kujaza yanayeyusha rangi za kopo za kawaida. Kabla ya klia nilipitisha rangi ya mafuta nyeusi na kahawia iliyochanganywa na tina nyingi, nikaiacha ikae mifereji yote, nikaifuta kwa kitambaa kutoka pua kwenda mkia, siku zote kwa upande unaokwenda upepo. Pale ndio ilipozaliwa. Ami aliiona akaipiga konzi kwa kidole akasikia ni glasi, akarudia kuipiga.

Taa za ncha za bawa hazikuhitaji kitabu, nyekundu kushoto kijani kulia, kama boti.

Mafuta. Injini inataka mafuta ya taa na oili ya tabaini asilimia 5, yani lita 1 kwa lita 20, ile oili ndio inayolainisha beringi, hakuna nyengine. Nikaifunga kwenye stendi uani, nikawasha, ikawaka vizuri, ikifika nusu inazima. Mara ya pili hivohivo, ya tano hivohivo. Nilikagua paipu zote hakuna tone, nikabadilisha plagi ya kuwashia, nikachaji betri, siku nne. Mwisho nikaelewa kwamba paipu ya upande wa kunyonya haivuji mafuta nje, inavuta hewa ndani, kwa hivo hutoona tone hata ukae na tochi, utaona vipovu vidogo tu vinapita, na kipovu kimoja kinatosha kuuzima moto. Paipu ilikatwa kwa mkasi ikawa na mdomo wa mshazari. Nikaikata kwa wembe ikae mraba, na nikaondoa kipande cha silikoni nilichokuwa nimekitia mana silikoni inavimba kwenye mafuta ya taa, nikaweka paipu maalumu ya mafuta. Haijazima tena mpaka leo.

Mawili ya hatari niliyoyashika kama amri. Mtu asisimame ubavuni sambamba na gurudumu la tabaini, kikitoka kipande kinatokea upande ule. Na mtungi wa moto uwe wa kaboni dioksaidi, ule wa unga utazima moto na utaimaliza injini hapohapo.

Nilipoipima pua ilikuwa nyepesi, betri zote nimeshazisogeza mbele na bado, nikaongeza gramu 640 za chubwi za kuvulia nikazimiminia epoksi kwenye pua. Uzito kavu, yani bila mafuta, kilo 12 na kitu. Kibali nilikifuatilia mapema kabla hata rangi haijakauka, anga ya kwetu iko chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, na hivi vyombo havirushwi hivihivi, na uwanja wetu wa mpira uko mbali sana na uwanja wa ndege wa Kisauni ndio ikawa rahisi kidogo.

Tuliirusha asubuhi saa moja, upepo haujaamka. Tulifagia ule uwanja na vijana wanne, kila kijiwe. Ilikimbia kama mita 90 ikaondoka yenyewe, nikakunja magurudumu, nikaipitisha mbele yetu mara tatu na jua la asubuhi likipiga ubavuni, na mistari ile niliiona, wallahi niliiona kutoka chini, ndege imelala kidogo na kila bati lina kivuli chake. Kutua ndio kunataka akili, mana jeti haijibu papo hapo, ukisukuma kijiti kutoka chini kabisa inachukua sekunde kadhaa kupanda, kwa hivo nilikuja na moto wa wastani njia nzima, flepu za bawa chini, sikupunguza mpaka nimeshapita ukingo wa uwanja. Dakika 6 jumla. Ikagusa, ikaruka kidogo, ikakaa. Injini ikajizungusha yenyewe kwa mota mpaka ikapoa, vijana hawakusogea mpaka ile sauti ikaisha.

Imesharuka mara kumi na tisa. Oili inayotoka mkiani imeshaanza kuchora uchafu wake kwenye tumbo, mzuri kuliko nilioutia kwa mkono, nimeuacha. Nyasi zimekula ribiti za milango ya magurudumu, hizo nazirudia mwezi huu, na viti vya marubani bado ni vya kadibodi, nimeshapata vipande vya mninga alivyonibakishia ami, naanza kuvichonga baada ya Iddi.