Timu ya Samaki

Juzi binti yangu kaja na daftari lake la Kiingereza, kidole kimegota kwenye sentensi moja.

"Baba, hapa wamekosea. Wameandika 'teem'. Si walitaka kuandika 'team'?"

Masikio yakapata moto, utadhani kengele ya kipindi kile haijalia mpaka leo.

Ilikuwa 1996, Pangani, Kidato cha Pili. Mwalimu aliandika ubaoni: "The sea teems with fish." Akageuka, chaki imemjaa mkononi, akauliza maana yake. Kwenye Kiingereza mimi nilikuwa mtu wa dawati la nyuma, lakini hapo palikuwa na bahari na samaki, na mimi mtoto wa mvuvi. Nani wa kunishinda? Nikanyoosha mkono. Nikasimama, na kwa Kiingereza changu cha kuungaunga nikatangaza kwamba bahari ina timu ya samaki.

Kwanza kimya. Nikadhani nimewakamata. Kisha sauti moja ikauliza, kwa upole kabisa:

"Golini anakaa nani?"

"Pweza," mwingine akajibu. "Ana mikono minane."

Basi tena. Kolekole akapelekwa winga kwa mbio zake, chewa akawa beki kwa sababu ya mwili, taa akapewa kadi nyekundu kabla mpira haujaanza, kwa ule mwiba wake. Mwalimu alijaribu kukaza uso, akashindwa, akageukia ubao kama anayefuta kitu. Hakuwa anafuta. Mabega yalikuwa yanatikisika. Wenzangu niliwasamehe zamani. Yale mabega bado nayaona.

Na hakuna aliyeniambia kaa. Nilisimama hadi kengele.

Tangu siku hiyo mimi ni Kocha. Nilimaliza shule nikiwa Kocha, nikaoa nikiwa Kocha, na siku tunamzika baba, mtu alinishika bega pale makaburini: "Pole sana, Kocha."

Binti nilimwambia aandike "kujaa tele".

"Na timu?"

"Timu iache."

Alipolala nikafungua kamusi kwenye simu. Kumbe "teem" imetoka kwenye Kiingereza cha kale, na huko ilikuwa na maana ya kuzaa. Na "team" ni ndugu yake wa damu: ilianza kwa maana ya uzao, watoto wa mtu, ikaja kuwa maksai waliofungwa nira pamoja, ndipo baadaye sana ikafika kwa watu wa mpira. Kwa hiyo Mwingereza akisema bahari imejaa samaki kwa neno hilo, ukilifukua unakuta tumbo la uzazi. (Ipo "teem" nyingine, ya mvua kubwa, iliyoletwa na watu wa Skandinavia. Hiyo asili yake ni kumwaga chombo kikabaki kitupu. Kujaa na kuishiwa, matamshi yale yale! Sikutaka kuingia huko usiku ule.)

Baba yangu, zile siku za giza dagaa wanapoifuata karabai mpaka maji yanatokota kando ya chombo, alikuwa akirudi alfajiri, anatua ndoo mlangoni, anamwambia mama: "Leo bahari imejifungua." Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji.

Sasa sijui niseme nini. Jibu langu lilikuwa kosa, na kwenye mtihani lingekatwa hata leo. Ila lilimkosea ndugu, halikumkosea mgeni. Sijui kama hiyo inapunguza kitu. Mwalimu ameshatangulia mbele ya haki, siwezi kumpelekea kamusi.

Nikayaandika yote kwenye grupu letu la shule, saa tano usiku, ujumbe mrefu kama hotuba, na maksai nikawaweka.

Asubuhi nilikuta jibu moja tu.

"Kocha, refa alikuwa nani?"