Filamu mbele, seramiki kwingine: nilivyoiokoa rangi ya Harrier yangu

Vidonda vilikuwa 11. Nilivihesabu Makambako, kwenye kituo cha mafuta, nimechuchumaa mbele ya boneti huku simu ikinimulikia. Kila kimoja kama punje ya ulezi, katikati kijivu cha praima, pembeni rangi imebanduka kidogo kidogo. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimelipa laki sita na kitu kupakwa gari zima seramiki, ile dawa inayokaukia juu ya rangi kama utando, na aliyenipaka aliniambia kwa kinywa chake: "Mama, hii ni 9H, hata jiwe likigonga linadunda." Halikudunda hata moja.

Nafanya biashara ya parachichi. Msimu ukichanganya, kila wiki naenda Njombe na kurudi Mbeya, nikiongozana na Canter yetu. Ni zaidi ya kilomita 200 kwenda tu, na sehemu kubwa ni ile barabara kuu ya Tunduma. Anayeijua hahitaji maelezo: Uyole, Inyala, Igurusi, Chimala, Igawa, mwendo wote uko nyuma ya semi la kwenda au kutoka Zambia na Kongo. Kokoto ikibanwa kwenye tairi la semi, likikolea mwendo inachomoka kama risasi ya manati. Ongeza na upanuzi wa barabara ya njia nne uliokuwa ukiendelea upande wa mjini, kuanzia Nsalaga kwenda Ifisi, vumbi na changarawe juu ya lami.

Harrier hii ni ya mwaka 2015, nyeusi, nimeinunua kwa jasho langu, hakuna aliyenichangia hata bei ya tairi. Kwa hiyo ile rangi ninaipenda na sioni aibu kusema hivyo. Kwenye kibati cha nguzo ya mlango imeandikwa 202. Hiyo ni nyeusi tupu ya Toyota, haina chembechembe za kung'aa, na wanaoijua watakwambia ni laini mno. Ukiipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu tu umeshaichora, na jua likiipiga utaona utando wa buibui boneti nzima.

Kuhusu hiyo 9H, naomba msomaji anisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Ni kipimo cha penseli. Zinachukuliwa penseli za uchoraji kuanzia laini hadi ngumu, zinasukumwa juu ya kitu kilichopakwa, na penseli ya 9H ikishindwa kukwaruza, basi wanaandika 9H. Penseli! Kokoto ya kilomita 80 kwa saa haimo kwenye hesabu hiyo. Halafu seramiki ikishakauka unene wake ni mikroni moja, mbili hivi. Unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Sasa kitu chembamba kuliko unywele mara 30 na zaidi kitazuiaje jiwe? Filamu ya kulinda rangi, ile plastiki angavu ambayo mafundi wanaiita PPF, ina mikroni 150 hadi 200 na inanepa. Jiwe linapogonga, yenyewe inabonyea na kumeza nguvu ya lile pigo. Hii ndiyo tofauti, na hakuna aliyenieleza kabla sijatoa hela. Nilionyeshwa kiberiti cha gesi kinawashwa juu ya boneti, nikamwagiwa maji yakakimbia kama kwenye jani la gimbi, nikaridhika.

Ila siisemi vibaya seramiki kwa kazi yake. Ukitoka Tukuyu mvua imenyesha, tope lote limekupaka hadi kwenye vitasa, unalirushia maji na linateremka lenyewe. Kinyesi cha ndege zamani kikikaa siku mbili chini ya mjakaranda kilikuwa kinaacha alama ya kuungua. Sasa nakilainisha kwa maji, nafuta, kimekwisha. Kuosha kulikokuwa kunachukua saa nzima sasa ni dakika kumi na tano. Kosa lilikuwa la aliyeiuza kama ngao ya mawe.

Ushauri wa pili ulitoka kwa shemeji yangu. Alisema nisihangaike na mafundi, filamu inauzwa kwa mita, tutabandika wenyewe nyumbani. Bei ilikuwa ndogo ajabu, mita kama elfu hamsini au pungufu, nami nikaona unafuu.

Tulianza alfajiri ili kukwepa vumbi. Ilikuwa Julai. Anayeishi Mbeya anaijua alfajiri ya Julai: maji ya ndoo yanauma mifupa ya vidole. Tukachanganya maji na shampuu ya watoto, tukapulizia boneti, tukafunua karatasi ya nyuma, na ile plastiki ikatoka imekakamaa kama nailoni ya kufunikia mbegu. Kwenye tambarare ya boneti ilikubali. Kwenye mkunjo wa bampa, karibu na taa ya ukungu, iligoma kabisa. Nikaenda saluni kwa mdogo wangu nikaazima draya ya nywele. Tukaipasha ikalainika, shemeji akavuta, ikanyooka vizuri mpaka tukapongezana, halafu mbele ya macho yetu ikapauka na kuwa nyeupe kama iliyopigwa ukungu. Imevutwa kupita kiasi. Tukakata kipande kingine. Hicho kikaingia pumzi, tukatoboa viputo kwa sindano ya kushonea. Saa nne asubuhi mtu akafungua geti, bajaji ikapita nje, na vumbi lote likaja kulala kwenye gundi iliyokuwa wazi. Tulimaliza saa nane mchana. Ukisimama mbali lilipendeza. Ukisogea, boneti ilikuwa na vipele kama mtoto wa tetekuwanga.

Ilipofika mwezi wa nne tangu tuibandike, kingo zikaanza kunyanyuka na kukusanya uchafu mweusi, na plastiki ikageuka njano. Ilikuwa PVC. Filamu ya maana inatengenezwa kwa poliurethani, na hii rahisi ya PVC haivumilii jua. Watu wanadhani huku hakuna jua kwa sababu kuna baridi, lakini Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua la mwinuko linachoma plastiki kuliko tunavyolihisi mwilini. Kuibandua ilikuwa kazi ya siku mbili. Kwenye boneti ilibaki gundi, tukaitoa kwa spiriti na subira. Kwenye bampa, kushoto, plastiki iliondoka na rangi, kipande kama kiganja changu. Bampa lilikuwa limeshapigwa rangi upya kabla sijalinunua gari, na mimi sikujua. Rangi ya kiwandani imeshika sana, ya kurudia inategemea aliyeipiga. Kwa hiyo kabla hujabandika chochote, muulize fundi rangi akuangalizie kama sehemu hiyo imeshawahi kurudiwa. Lile bampa lilipigwa rangi tena, laki mbili zikaenda.

Baada ya hapo nilikataa kuamini mdomo wa mtu. Nilimpata kijana mmoja hapa Mbeya anayebandika filamu na kupaka seramiki vyote viwili, na nilimpendea jambo moja: nilipomuuliza ipi bora, hakujibu haraka. Aliniuliza, "Mama, hili gari linatembea wapi?" Nikamweleza. Akasema, "Basi naomba nikwambie ukweli, mbele utahitaji filamu. Ila usiniamini mimi, pima."

Na nikapima. Hili ndilo ninalojivunia kuliko yote niliyofanya. Uso wa Canter yetu ndio unaokula mawe wa kwanza, ni ukuta uliosimama wima. Nilimwambia, "Mwanangu, nigawie sehemu tatu pale chini ya kioo." Akasafisha, akapiga polishi, akagusia rangi palipokuwa na vidonda vya zamani ili tuanze hesabu upya. Kushoto akabandika filamu ya ukubwa wa daftari kubwa. Katikati akapaka seramiki ukubwa uleule. Kulia tukaacha wazi. Tukaweka mipaka kwa kalamu ya rangi, nikapiga picha, nikamwambia dereva asibadilishe kazi yake, aendeshe kama siku zote.

Wiki sita, safari ya Njombe kila wiki. Palipoachwa wazi vidonda 9. Kwenye seramiki vidonda 8. Yaani hakuna tofauti ya kuzungumzia. Kwenye filamu nilikuta mabonyeo madogo matano na kidonda kimoja tu kilichotoboka hadi kwenye rangi, hicho lilikuwa jiwe lenye ncha. Kisha kijana akasema, "Mama, una maji ya moto?" Nikamletea chupa ya chai. Akayamwaga taratibu juu ya filamu, na ile michoro midogo midogo ya vumbi na matawi ikajifunga tukiwa tunaangalia, kama ngozi ya maziwa inavyorudi ukiigusa na kijiko. Mabonyeo mawili yakapotea, matatu yakafifia. Lile tundu halikuziba, na yeye hakunidanganya kwamba litaziba: filamu inajiponya michoro ya juu tu, ikikatwa imekatwa.

Hapo nikaamua. Gari zima kwa filamu aliniambia milioni tano kwenda juu, sikuwa nazo na sikuziona zina maana, kwani nani anarusha jiwe kwenye paa? Nikafanya boneti nzima, bampa la mbele, taa mbili, migongo ya vioo vya pembeni, kingo za mbele za madigadi, na chini ya milango nyuma ya matairi ambako gari lenyewe linajirushia changarawe. Pia ndani ya vitasa, pale kucha zinapochora. Ni vipande vidogo na alinipa bure. Ilikuwa kama milioni moja na nusu, au zaidi kidogo ukiweka na bei ya kunyoosha rangi. Kuna wanaokushauri boneti nusu ili kupunguza gharama. Kwa gari jeusi usikubali: mstari wa katikati unakusanya nta na vumbi, na utauona kila unapofungua mlango.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya: ile seramiki ya mwanzo ilibidi iondolewe kwanza mbele yote kwa kampaundi, ile polishi kali ya kusugulia. Seramiki inakataa maji, na inakataa gundi vilevile. Kwa hiyo utaratibu ni filamu kwanza juu ya rangi safi, halafu seramiki baadaye, na inaweza kupakwa hata juu ya filamu. Ningeanza hivyo ningeokoa laki kadhaa. Alifanyia ndani, sakafu imelowekwa maji ili vumbi lisinyanyuke, na hita inawaka ukutani. Siku mbili. Nilikaa nikimwangalia anavyosukuma maji kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni, kisha anakunja kingo za boneti kwa ndani kwa ncha ya kidole, bila kuvuta.

Usiku wa kwanza niliona ukungu na viputo chini ya filamu, moyo ukanipasuka nikikumbuka Julai ile. Nikampigia saa nne usiku. "Shikamoo mama. Hayo ni maji, yatatoka yenyewe. Usiguse, usitoboe, usioshe wiki nzima." Kwa baridi ya huku yalichukua kama siku 12, na kweli yakaisha yote. Seramiki ya sehemu nyingine nayo ilitaka ikae bila maji saa 24, kwa hiyo angalia mvua kabla ya kupanga siku.

Wanaoniosha gari nimewakataza sabuni ya unga na kile kitambaa kilichoanguka chini. Ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia. Bomba la presha lisielekezwe kwenye kingo za filamu kwa karibu, litainyanyua. Na hata kama filamu ipo, kaa mbali na semi. Mimi naacha nafasi ya kutosha, wanaonipigia honi nyuma wapite.

Mwezi uliopita, kwenye mteremko wa Inyala, jiwe lilinigonga boneti kwa mlio ambao abiria wangu alishika kiti. Sikusimama palepale, si mahali pa kusimama. Igurusi nikaegesha, nikatoa chupa ya chai, nikamimina. Alama ilikuwa kama kucha ya mtoto mchanga. Nilipofuta maji kwa taulo laini nikaitafuta kwa kidole na sikuipata. Chai tukanywa kwa kilichobaki.

Kile kipande cha daftari bado kipo kwenye uso wa Canter, kushoto chini ya kioo. Nilimwambia dereva akibandue, akakataa. Kila akiosha anaanza nacho.