Jino Limeng'oka Ndotoni: Kabla Hujashika Simu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Mtu akiota jino limeng'oka, anaambiwa kuna msiba. Akiota harusi, msiba pia. Basi hata alfajiri haijaadhiniwa, ujumbe wa sauti umeshaingia kwenye grupu la familia: "Nimeota vibaya kuhusu mama mkubwa, mwangalieni." Na mama mkubwa mwenyewe yumo humo humo kwenye grupu. Alilala salama, sasa presha inampanda kwa ndoto ya mtu mwingine.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kinyume cha hayo. Katika hadithi ya Abu Hurayra, ndoto ni za aina tatu: bishara kutoka kwa Mwenyezi Mungu, huzuni anayoitia shetani, na yale ambayo nafsi ya mtu inajizungumzia yenyewe. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoisahau. Aliyeshinda hospitali akimuuguza mtu, usiku akaota jeneza, ameota mchana wake. Anayedaiwa kodi ya nyumba akiota anatolewa vyombo nje, hajaletewa habari yoyote mpya.

Ikija ndoto ya kuchukiza, la kufanya limeshaelezwa, na linafanyika hapo hapo kitandani. Tema upande wa kushoto mara tatu. Si mate ya kujaza kinywa, ni pumzi yenye unyevu kidogo tu, kwa hiyo anayelala kushoto kwako hana la kulalamika. Jikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani mara tatu: A'udhu billahi minash-shaytanir-rajim. Omba kukingwa na shari ya ulichokiona, kisha geukia ubavu mwingine. Ukiweza, inuka utawadhe, uswali. Halafu usimsimulie mtu. Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Hadithi ya Abu Qatada inasema ndoto hiyo haitamdhuru aliyeiota, lakini kunyamaza ni sehemu ya yaliyoamrishwa. Anayejikinga kisha akatuma ujumbe wa sauti ameacha kazi katikati.

Amepokea Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, kwamba bedui mmoja alimwendea Mtume akamwambia ameota kichwa chake kimekatwa, kikawa kinabingirika naye anakikimbilia. Mtume akacheka, akamwambia asiwasimulie watu jinsi shetani anavyomchezea usingizini. Nani kati yetu angeota hivyo, asiitishe kisomo cha nyumba nzima?

Onyo la kweli lipo, hatulikatai. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na wakubwa wake wakasema ni ndoto zilizovurugika. Nabii Yusuf (a.s.) hakutaja nani atakufa wala nani ameroga. Alitoa mpango wa kilimo: limeni miaka saba mfululizo, mtakachovuna kiacheni katika mashuke yake isipokuwa kidogo mtakachokula. Nafaka ikibaki kwenye shuke haiharibiki upesi kama iliyopurwa. Baada ya miaka saba ya shida, akaongeza, utakuja mwaka wa mvua. Wanaotafsiri ndoto mitaani hawaufikii mwaka huo, maana hofu ndiyo biashara yao.

Na Mtume mwenyewe aliota anatikisa upanga ukavunjika; hayo yakawa maafa yaliyowapata waumini katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, walipouawa takriban masahaba 70. Katika ndoto ile ile akautikisa tena, ukarudi mzuri kuliko ulivyokuwa, na hiyo ikawa ni ushindi na kukusanyika kwa waumini. Angekuwa mmoja wetu, angeamkia kwenye upanga uliovunjika.

Madhara makubwa huanza pale ndoto inapogeuzwa ushahidi. Umemwota shangazi amebeba chungu usiku, kesho humwamkii, keshokutwa mmegawanyika ukoo mzima. Ndoto ya mtu asiye nabii haithibitishi kosa la yeyote mbele ya kadhi, basi isithibitishe barazani kwako. Ukitaka kutoa sadaka, toa uliyo nayo. Akikutajia mtu kuku mweusi na njia panda, ondoka.

Orodha za "ukiota hiki maana yake hiki" nazo ziache. Imesimuliwa kwamba watu wawili walimwendea Ibn Sirin wa Basra, mwanachuoni aliyesifika kwa kutafsiri ndoto, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja akamwambia atahiji, mwingine akamwambia ataibukia wizi, kwa jinsi alivyowaona hali zao. Ndoto moja, majibu mawili. Orodha ya kwenye simu haikujui wewe ni yupi kati yao.

Kabla ya kulala, tawadha, kung'uta kitanda, lalia ubavu wa kulia, soma Ayatul Kursiy. Kisha Ikhlas, Falaq na Naas, upulize viganjani na kujipangusa mwili, mara tatu.

Na ndoto ikirudi usiku baada ya usiku, angalia pia unachomeza. Homa huleta ndoto nzito, na baadhi ya dawa pia: mefloquine ya malaria, efavirenz kwa wanaotumia ARV, hata propranolol ya presha. Usiiache dawa kwa sababu ya ndoto. Mwambie daktari, huenda akabadilisha dawa au saa ya kuimeza. Si lazima umsimulie kisa chote. Mwambie tu hulali vizuri, na tangu lini.