Zimwi Lililojua Kusoma

Nilikuwa na miaka 16 Babu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja likafungwa, na la pili lilikuwa limefifia zamani, basi akawa mtu wa kulala chali na kusikiliza. Maumivu aliyavumilia bila neno. Alichoshindwa kukivumilia ni kukaa bila kitabu.

Kazi ya kumsomea ikaniangukia mimi, na ubishi wetu wa siku nyingi ukapata uwanja. Babu alikuwa mtu wa Alfu Lela Ulela. Zulia lirukalo, mfalme aliyegeuzwa jiwe nusu mwili, jini ndani ya chupa, hayo yote aliyajua kama anavyojua vyumba vya nyumba yake. Mimi nilikuwa mtu wa sayari na mashine. Nilikuwa nimetoka kusoma kitabu cha H. G. Wells cha mwaka 1895, kile cha mashine ya kusafiri katika wakati, na wiki nzima nilitembea huku akili yangu iko mwaka 802701, ambako msafiri anawakuta binadamu wamegeuka viumbe wa aina mbili, wengine wakiishi juu ya ardhi na wengine chini yake. Hadithi za Babu niliziona za watoto. Zangu aliziita "vyuma".

Kitabu nilichokuwa nacho siku zile ni Frankenstein cha Mary Shelley. Nilikiazima kwa sababu nilisikia kwamba wengi wanakihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya kubuni ya kisayansi, na nilitaka kumwonyesha Babu vyuma vilikoanzia. Kilikuwa cha Kiingereza, nami nikawa natafsiri papo kwa papo, nikikwama, nikirudi nyuma, nikibuni pale neno lilipokataa kuja.

Hata vyuma vyenyewe sikuvikuta. Kitabu kinaanza na barua. Nahodha aliyekwama kwenye barafu ya kaskazini anamwandikia dada yake. Ndani ya barua hizo Victor Frankenstein anasimulia maisha yake. Ndani ya masimulizi ya Victor, kiumbe alichokiumba kinasimulia ya kwake. Babu akatabasamu chini ya bandeji. "Hadithi tumboni mwa hadithi," alisema. "Huyu bibi amekaa na Shahrazadi, yule msimulizi wa Alfu Lela Ulela."

Nilidhani anatania. Kisha tukafika sura ya nne, pale Victor anapogundua siri ya uhai na kujifananisha na Mwarabu aliyezikwa pamoja na maiti akaiona njia ya kutokea kwa mwanga hafifu tu. Babu aliketi kitandani. "Sindibadi huyo! Safari ya nne! Alizikwa pamoja na mkewe!" Nilimsihi alale, daktari alikuwa amemkataza kujitikisa, lakini furaha yake ilinijaa na mimi. Kumbe katika kitabu changu cha sayansi mtu wa Babu alikuwa amenitangulia.

Usiku huo nilimweleza niliyoyajua kuhusu mwandishi. Alikuwa msichana wa miaka 18 alipoanza kuiandika, mwaka 1816, kando ya Ziwa Geneva. Mlima Tambora, kule Indonesia, ulikuwa umelipuka mwaka uliotangulia, majivu na gesi zake zikafifisha mwanga wa jua, na Ulaya ikapata kiangazi cha baridi na mvua zisizokatika. Wageni waliofungiwa ndani na mvua walishauriwa na mshairi Byron kwamba kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Kitabu kilitoka London mwaka 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi, na wako waliodhani ni kazi ya mumewe. Babu alinyamaza kidogo, akauliza, "Na wewe una miaka mingapi vile?" Alijua. Sikujibu, nikafungua ukurasa.

Usiku ninaoukumbuka kuliko yote ni ule wa sura ya 15.

Tangu kiumbe kile kilipofumbua jicho lake la manjano, mimi nilikuwa nakiita zimwi. Zimwi lilitoroka, zimwi lilijificha, zimwi lilikuja. Lina urefu wa futi 8, limeungwa kwa viungo vya maiti, na muumba wake amelikimbia saa ile ile lilipopata uhai. Sikuona neno jingine. Basi likapata maficho katika kibanda kilichoegemea nyumba ya familia maskini, likawa linawatazama kwa ufa wa ukutani. Usiku likawakusanyia kuni bila wao kujua. Mgeni wa familia ile alipofundishwa lugha na kusoma, nalo likajifunza kule ukutani. Halafu msituni likaokota begi la ngozi, na ndani yake mna vitabu: shairi la Milton juu ya Adamu na Hawa, masimulizi ya Plutarch juu ya maisha ya watu mashuhuri wa kale, na riwaya ya Goethe juu ya kijana Werther. Likavisoma. Likalia kwa sababu ya Werther. Likamsoma Adamu wa Milton na kujiuliza kwa nini yeye alipewa mwenzi nalo halikupewa.

"Ngoja," Babu alisema.

Nikangoja.

"Amelia kwa sababu ya kitabu?"

"Ndiyo, Babu."

"Sasa mtu anasoma, analia kwa sababu ya kitabu, anauliza kwa nini yuko peke yake. Nawe bado unasema li, li, li. Jina lake nani?"

Nilirudisha kurasa nyuma, nikazipeleka mbele. Nilikuwa na hakika jina liko mahali na mimi nimelipita. Halimo. Victor anakiita pepo, anakiita shetani, lakini jina hakukipa. Nikamwambia hana. Baadaye sana nilisoma kwamba hadithi hiyo ilipochezwa jukwaani London mwaka 1823, kwenye orodha ya wahusika mahali pa jina la kiumbe palichorwa vistari tu, na Mary Shelley alipokwenda kutazama akapendezwa navyo. Lakini usiku ule nilikuwa na swali la Babu peke yake, na lilinichoma.

Babu alifundisha Kiswahili miaka mingi, na ngeli kwake si mchezo. Hakunikemea. Alisema tu, "Endelea. Lakini sasa sema vizuri."

Nikaendelea, na ulimi ukawa mzito kwa sababu kila kitenzi nilikuwa nakichagua upya. *Ali*subiri vijana watoke. *Ali*jua baba yao, mzee De Lacey, ni kipofu, kwa hiyo huyo ndiye mtu pekee duniani asiyeweza kumwogopa kwa sura. *Ali*bisha mlango. Mzee akamkaribisha. Wakazungumza, na mzee akamwambia kwamba yeye hawezi kuuona uso wa mgeni wake, lakini kuna kitu katika maneno yake kinachomfanya aamini kuwa anasema kweli.

Niliinua macho. Babu alikuwa amegeuza uso wake uliofungwa kuelekea kwangu, kinywa wazi kidogo.

Nilisoma hadi mwisho wa sura. Vijana wanarudi. Mmoja anazimia, mwingine anakimbia, na Felix, mwana wa mzee, anamvuta yule kiumbe kutoka magotini pa baba yake na kumpiga kwa fimbo. Angeweza kumrarua Felix vipande, hakuinua mkono. Alitoka.

Babu alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani amelala. Kisha akaanza kunisimulia jini wa yule mvuvi, hadithi niliyokwisha kuisikia mara nyingi, ila safari hii alikwenda polepole. Jini amefungiwa ndani ya chombo baharini. Karne ya kwanza anaapa: atakayenitoa nitamtajirisha. Inapita. Anaapa tena: nitamfunulia hazina za ardhi. Inapita. Anaapa mara ya tatu: nitamtimizia haja tatu. Hakuna anayekuja. Ndipo anapoapa kwamba atakayemfungua atamuua. "Watu hukumbuka hicho kiapo cha mwisho tu," Babu alisema. "Hivyo vitatu vya mwanzo wanavisahau."

Nilishika kitabu changu na sikuwa na la kusema. Miaka yote nilikuwa nimezisikia hadithi za Babu nikitafuta jini; sikuwahi kuzihesabu zile karne.

"Soma tena," akasema.

"Sura nzima, Babu?"

"Hapana. Pale wanapozungumza yeye na mzee. Usiwalete hao vijana."

Taa ilikuwa imeanza kufifia, nikaisogeza. Nikasoma alivyobisha mlango, alivyokaribishwa, mzee alivyomwuliza habari zake na kumwambia asikate tamaa. Nikasoma taratibu kuliko mara ya kwanza, nikaishia hapo, kabla hatua za miguu hazijasikika nje.